Hongo ya Njia

Jioni hiyo kijiweni, hatua chache kutoka stesheni ya reli ya Tabora, watu walikuwa wamegawanyika kama siku ya Simba na Yanga. Huku Urusi na China, kule Marekani na Ulaya. Katikati yao birika la kahawa, sinia la kashata, na mzee muuza kahawa ambaye hajawahi kuwa na upande zaidi ya ule unaolipa. Hoja ya siku ilikuwa hii: nchi yenye mafuta ikiandamwa na mkubwa mmoja, imkimbilie mkubwa yupi mwingine?

Kijana mmoja wa bodaboda, kifuani amevaa uso wa rais wa Urusi, alikuwa na jibu mfukoni. Gaddafi, alisema, aliponzwa na upweke. Angeshikana na Moscow mapema, leo yuko hai na Libya ni Libya. Mwalimu mmoja wa sekondari akamjibu kwamba Mmarekani angalau ukiwa naye unaijua hesabu yake. Wa tatu akasema Mchina hajengi kambi za jeshi, anajenga reli, akanyoosha kidole gizani kuelekea inakojengwa reli ya kisasa. Nilitaka kumwambia kwamba kipande kinachotoka Makutupora kuja Tabora ni kazi ya Waturuki, na cha kwenda Kigoma ndicho cha Wachina. Nikaona nitaharibu utamu.

"Na wewe msomi wetu, uko wapi?"

Nikasema siko popote. Walicheka mpaka muuza kahawa akacheka. "Asiye na timu," akasema yule wa bodaboda, "anakuja uwanjani kufanya nini?"

Nimekaa na swali hilo miezi kadhaa. Jibu ninalo sasa, na si la upole. Ushabiki ule ni aibu, na hakuna mji unaopaswa kuuonea aibu kuliko Tabora, kwa sababu mji huu umekwisha kuuchezea mchezo huo mara nne au tano na kila mara umefungwa nyumbani.

Nianze na Libya, kwa kuwa ndiyo iliyotajwa. Machi 17, 2011 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuruhusu nguvu za kijeshi Libya. Urusi ina kura ya turufu. China inayo pia. Hakuna aliyeitumia, zote mbili zilikaa kando, hazikusema ndiyo wala hapana, na ndege zikapaa. Waafrika watatu waliokuwa mezani siku hiyo, Afrika Kusini, Nigeria na Gabon, walisema ndiyo. Umoja wa Afrika ulikuwa umeunda kamati ya marais kwenda kutafuta suluhu; walipotaka kuruka kwenda Tripoli siku chache baadaye, walinyimwa ruhusa ya kutua. Sasa niambieni, ndugu zangu wa kijiweni, rafiki mkubwa alikuwa wapi? Alikuwepo chumbani. Alinyamaza kwa sababu siku hiyo kunyamaza kulimfaa.

Lakini sikuandika haya ili kumsuta mtu kuhusu Libya. Nataka kuzungumzia barabara tuliyokuwa tumeikalia.

Unyanyembe, himaya ambamo mji wa Tabora ulizaliwa, ilikuwa njia panda. Msafara uliotoka Bagamoyo ulifika hapa ukatua mizigo, ukapumzika wiki au miezi, kisha ukaendelea magharibi hadi Ujiji au ukakata kaskazini kuelekea Buganda. Pembe za ndovu zilishuka pwani, na pamoja nazo watu waliofungwa minyororo, jambo ambalo wenye kuisifia njia ile hupenda kuliruka. Vitambaa, shanga na bunduki zilipanda. Ule mwamba wa kitambaa cheupe tuliokuwa tukiuita merikani uliitwa hivyo kwa sababu ulitoka viwanda vya Marekani. Na sehemu kubwa ya pembe iliishia hukohuko, Connecticut, ikapasuliwa kuwa vibao vya piano. Binti wa Boston alipojifunza kupiga kinanda, vidole vyake vilikuwa vinagusa kitu kilichovuka Igunga begani mwa Mnyamwezi.

Watu wa njia walikuwa na nguvu mbili tu, lakini zilikuwa nguvu kweli. Ya kwanza ni bega. Bila mpagazi pembe ni mfupa porini. Wanyamwezi walijua hilo: walipatana ujira na posho kabla ya safari, na wakionewa walitua mzigo wakarudi kwao, msafara ukabaki unamtazama kirangozi. Ya pili ni hongo. Leo neno hili lina maana ya kile anachopewa afisa chini ya meza. Wakati ule lilikuwa ushuru wa njia, uliotozwa mchana kweupe na mtemi ambaye ardhi yake inakanyagwa. Neno limeshuka hadhi pamoja na waliokuwa wakiitoza.

Mwishoni mwa miaka ya 1850 Mnywa Sele aliupata utemi wa Unyanyembe. Akaona msafara unapita, akaona utajiri unapita, akatoza ushuru bidhaa za wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wamejenga hapa. Hawakubishana naye sana. Walichukua silaha, wakamng'oa, wakamweka Mkasiwa aliyekuwa mpole kwao. Mnywa Sele akaishi porini akipigana vita ya kurudi, hadi akauawa 1865.

Kila ninapoisoma habari hiyo namkumbuka Mosaddegh wa Iran. Mwaka 1951 nchi yake iliyachukua mafuta yake kutoka mikononi mwa kampuni ya Waingereza, na Agosti 1953 mashirika ya kijasusi ya Uingereza na Marekani yakapanga kuanguka kwake. Tunafundishwa kwamba hiyo ndiyo hadithi ya kwanza ya namna ile. Siyo. Tabora tulikuwa nayo karibu miaka 100 kabla, tena bila mafuta. Kosa lilikuwa lilelile: mwenye ardhi kudai sehemu yake.

Kisha akaja Mirambo. Hakuwa malaika; rugaruga wake walichoma vijiji vya watu waliosema lugha yake, na sijui kwa nini tunahitaji awe malaika ndipo tumheshimu. Alichotaka ni njia. Akaifunga ile ya kwenda Ujiji, akadai hongo, na wafanyabiashara wa Tabora wakatangaza vita 1871. Na hapa ndipo anapoingia mgeni ambaye kila mtoto wa shule anamjua kwa sababu nyingine. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alikuwa amefika Unyanyembe akimtafuta Livingstone. Njia imefungwa, safari imekwama, naye ana watu wenye bunduki na bendera ya Marekani. Akajiunga na vita. Hakutumwa na serikali yake wala hakumjua Mirambo. Aliona njia inayomfaa imezibwa na mwenyeji, akahesabu bunduki, akaamua.

Vita ilimshinda. Waarabu walikiteka kijiji cha mshirika wa Mirambo, wakarudi wamebeba pembe, wakanaswa njiani wakauawa. Stanley alikuwa kitandani na homa. Waliobaki walikimbia kila mtu na roho yake. Agosti 22 Mirambo aliingia Tabora yenyewe na kuichoma, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa mji, aliuawa siku hiyo. Stanley alijifungia Kwihara, akatoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za tembe na kupandisha bendera ya nyota na mistari juu ya paa la udongo. Sultani Barghash naye alituma askari kutoka Zanzibar. Hawakumshinda Mirambo.

Nimekwenda Kwihara kwa bodaboda, kilomita chache tu kutoka mjini, kati ya miembe. Tembe limejengwa upya na sasa ni makumbusho. Utaambiwa ni nyumba ya Livingstone, na ni kweli aliishi pale. Mimi nilisimama nikitafuta lilipokuwa tundu la bunduki.

Mirambo alikufa Desemba 1884 na hakuna aliyeishika njia kama yeye. Mwaka 1890 Emin Pasha akapita hapa na bendera ya Wajerumani, na wafanyabiashara waliokuwa wamechoshwa na watemi wakapatana naye. Walidhani wamepata mlinzi. Mtemi wa Unyanyembe wakati huo, Isike, aliona wazi kilichouzwa, akapigana. Januari 1893 Tom von Prince, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, alilivunja boma lake. Isike aliingia kwenye ghala la baruti akawasha. Wajerumani wakamsimika Nyaso. Na wale wafanyabiashara waliomkaribisha mlinzi? Reli ya Wajerumani ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na biashara ya misafara ikafa. Mlinzi hakuhitaji tena wala mpagazi wala aliyemwalika.

Septemba 19, 1916 mlinzi mwingine akaingia. Majeshi ya Kibelgiji, yaani askari wa Kikongo wenye maafisa wa Kibelgiji chini ya Jenerali Charles Tombeur, yaliuteka mji kutoka kwa Wajerumani. Kwa Tabora hiyo ilikuwa vita ya nani na nani? Kwa Ubelgiji ulikuwa mtaji. Waliushika mji huu wakitarajia kuubadilisha mezani kwa ardhi nyingine wanayoitaka zaidi, kule mdomoni mwa mto Kongo. Biashara haikukamilika, wakaondoka na Rwanda na Burundi, Tabora wakawaachia Waingereza, na wakabakiziwa sehemu zao za bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Faranga moja. Hiyo ndiyo hongo iliyobaki.

Tombeur alipewa ubaroni wenye jina la mji wetu, na katikati ya Brussels kuna mtaa unaoitwa Tabora mpaka leo. Wapagazi waliobeba vita ile kwa pande zote, na waliokufa kwa maelfu kwa kuhara na njaa, nao wana mahali pao: Kariakoo, jina lililotokana na jeshi la wapagazi la Waingereza. Kila siku watu wanalitamka wakinunua sufuria.

Sasa turudi kwenye mafuta.

Tabora haina mafuta, ndiyo maana kijiweni tunayajadili kama mambo ya watu wa mbali. Lakini fungua ramani. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki linatoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Linaingia kupitia Kagera, linapita Geita na Shinyanga, kisha linaingia mkoani kwetu: Nzega, halafu Igunga. Kijiji cha Sojo, wilayani Nzega, ndicho chenye kiwanda cha kuyavalisha mabomba koti la kutunza joto, maana mafuta ya Uganda ni mazito yenye nta. Yakipoa yanaganda, hivyo lazima yasafiri yakiwa na joto la nyuzi 50 na zaidi. Msafara umerudi. Safari hii unapita chini ya ardhi.

Na wenye msafara ni nani? TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62. CNOOC ya China ina 8. Shirika la mafuta la Uganda 15, na TPDC yetu 15. Yaani wale wakubwa ambao kijiweni tunawapanga timu mbili zinazochukiana wamekaa kwenye bomba moja, chini ya mtama uleule, na hawajarushiana hata kokoto. Hili peke yake lilipaswa kuvunja kijiwe.

Kumbukeni pia kwa nini bomba liko kwetu. Kenya ililitaka lipite kwake hadi Lamu. Mwaka 2016 Uganda ikachagua Tanga, na moja ya sababu zilizosemwa ni usalama: njia ya kaskazini mwa Kenya iko karibu na Somalia. Tulishangilia, nami nilishangilia. Amani yetu ilikuwa imenunuliwa. Sikujiuliza kwamba kitu kilichonunuliwa kina mnunuzi, na mnunuzi hulinda alichokinunua.

Nitawaambia ninachokiogopa, na si ndoto ya mtu aliyekunywa kahawa nyingi. Vuka Ruvuma tu. Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, watu wanasema Kimakonde, Kimwani na Kiswahili tunachokielewa bila mkalimani. Kuna gesi nyingi baharini, na anayeongoza mradi mkubwa wa kuivuna ni TotalEnergies. Oktoba 2017 vijana wenye silaha walishambulia Mocímboa da Praia. Serikali ikatafuta mlinzi. 2019 walikuja mamluki wa Kirusi wa Wagner, wakapoteza watu, wakaondoka baada ya miezi. 2020 ikaja kampuni ya ulinzi ya Afrika Kusini na helikopta zake. Machi 2021 Palma ikashambuliwa, jirani kabisa na mradi, na mwezi uliofuata kampuni ikasimamisha kazi. Julai wakaja Wanyarwanda, kisha majeshi ya SADC, wanajeshi wetu wakiwemo. Wamarekani na Wareno walikuwa wakifundisha wanajeshi wa Msumbiji. Desemba 2022 Umoja wa Ulaya ukatenga euro milioni 20 kuwasaidia askari wa Rwanda walioko huko.

Hesabu timu hizo. Mrusi alikuwepo, Mmarekani, Mzungu wa Ulaya, majirani. Yule kijana wa bodaboda angepata fulana ya kila mmoja. Na mvuvi wa Palma, ambaye alihamishwa pwani kupisha mradi kabla hata bunduki hazijasogea, hakuulizwa amwite nani.

Bomba la Nzega si Palma. Hatuna vita, na sitabiri vita. Anayetabiri vita ili asomwe ni muuza sumu. Lakini tazama huko mafuta yanakotoka. Mwaka 2007 watu walipigwa risasi kwenye Ziwa Albert, mwaka mmoja tu baada ya Uganda kutangaza mafuta, na marais wa Uganda na Kongo ikabidi waje kukaa Ngurdoto, Arusha, wapatane juu ya mpaka na mafuta yaliyo chini yake. Tangu Novemba 2021 jeshi la Uganda liko mashariki mwa Kongo likipigana na ADF, magharibi tu mwa visima hivyo. Desemba 2013 jeshi hilohilo liliingia Sudan Kusini, nchi inayoishi kwa mafuta, na China, yenye hisa kubwa katika visima vya huko, ikatuma 2015 kikosi cha watu 700 chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Mchina hajengi kambi? Sawa. Lakini alijua njia ya kufika Juba.

Najua mtakachosema, maana mmekwisha kunitumia ujumbe kwa makala zangu nyingine. Mtasema mimi ni kibaraka wa Wazungu wasiotaka tuendelee. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulilaani bomba hili, na kijiweni siku hiyo hata wapenzi wa Marekani walikasirika. Nami nilikasirika. Ulaya iliyochoma mafuta ya watu kwa karne nzima, na ambayo mwaka huohuo, baada ya vita ya Ukraine, ilikuwa ikizunguka Afrika ikitafuta gesi, haina mdomo wa kunifundisha adabu. Benki zao zilipojitoa, mkopo ukatafutwa kwingine. Vizuri. Ila niambieni: tulipokuwa tukipiga kelele za ubeberu, asilimia 62 zilikuwa za nani? Tulikuwa tunaitetea kampuni ya Kifaransa dhidi ya Wafaransa, tukiita hiyo uhuru.

Wala sisemi mafuta yasipite. Babu zetu hawakuizuia pembe isipite. Walitoza. Hili ndilo ninalotaka mlisikie: bega limekwisha. Mafuta hayahitaji mpagazi. Hakuna kirangozi wa kubishana naye, wala mzigo wa kutua. Kazi za kuchimba mtaro zikiisha, kijana wa Igunga hana cha kugoma. Kwa hiyo ile nguvu ya kwanza ya watu wa njia imezikwa pamoja na bomba, futi kadhaa chini ya karanga.

Imebaki ya pili. Nauli ya pipa moja kutoka Hoima hadi Tanga imewekwa dola 12.77, nayo inalipwa kwa kampuni ya bomba, siyo kwa mtemi. Sehemu yetu katika kampuni hiyo ni zile asilimia 15, pamoja na kodi na malipo yaliyokubaliwa kwenye mikataba. Hongo yetu imo humo, kwenye karatasi. Na ulinzi pia umo humo: nani analinda bomba, kwa amri ya nani, kwa fedha ya nani, na siku mlinzi wa kwanza akishindwa ataitwa wa pili kwa kibali cha nani. Niliporudi kijiweni wiki iliyofuata niliuliza swali moja tu. Kuna mhasibu pale, walimu wawili, mwanasheria anayejifunza kazi, mwanafunzi wa chuo. Nani ameuona mkataba kati ya nchi yetu na kampuni ile? Nani amemwandikia mbunge wake hata mstari mmoja kuuulizia? Hakuna. Lakini masafa ya makombora ya Urusi waliyajua kwa kilomita.

Hiyo ndiyo aibu ninayoisema. Hatujakosa elimu. Tunajua vifaru vya watu tusiowajua, na hatujui ibara moja ya karatasi inayopita chini ya shamba la mama zetu. Mnywa Sele hakuwa na shahada. Aliona mzigo unapita akauliza, sehemu yangu iko wapi? Sisi tunauona mzigo tunauliza, bendera yake ya rangi gani?

Mjomba wangu anakaa Nzega, si mbali na mkuza wa bomba. Mwaka 1979 alikuwa mgambo, akaingia Uganda na jeshi kupitia Mutukula, akiwa na miaka 22. Hapendi kuisimulia vita ile, na akiisimulia haanzi na Kampala iliyoanguka Aprili 11. Anaanza na Lukaya. Gaddafi alikuwa amempelekea Idi Amin askari, na pale Lukaya, kwenye ile barabara yenye kinamasi pembeni, mjomba aliwaona Walibya kwa mara ya kwanza, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa. Anasema walikuwa wachanga, na viatu vyao vilikuwa vizuri. Petroli ya nchi yao iliwasafirisha kutoka jangwani kuja kufia kwenye maji wasiyoyajua jina, kwa ugomvi wa watu wawili ambao hawakuwahi kuwaona. Ndiyo maana nikimpelekea habari za kijiweni, nani ana ndege nyingi na nani ana rafiki mkubwa, ananisikiliza kwa adabu kisha anauliza kuhusu mvua ya Tabora.

Mikataba ya bomba ilitiwa saini Entebbe Aprili 11, 2021. Tarehe ileile. Nilimwambia, nikadhani itamshangaza. Akasema, "Mh."

Mara ya mwisho nilimkuta ameketi chini ya mwembe, mbuzi wake wanakula juu ya ule ukanda mrefu uliofukiwa ambao haujengwi nyumba wala haupandwi mti. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Akaniambia wamepita vijana kijijini kuwaelimisha watu. Vijana wazuri, wenye heshima. Waliwaambia kwamba bomba ni mali yetu sote, na kwamba mwananchi akiona mtu anachimba pale, au gari asilolielewa usiku, apige simu.

"Nikawauliza swali moja," akasema mjomba. "Nikawaambia, wanangu, nimeelewa. Nikiona jambo, napiga. Sasa nikipiga, anakuja nani?"

"Wakasemaje?"

Mbuzi mmoja alikuwa amepanda juu ya tuta. Mjomba akaokota kijiwe, akamtupia, akamkosa.

"Wakaniandikia namba."